Jani la Fremu ya Mwisho

Mwaka ule wa tisini na sita, mtu wa Moshi hakuhitaji kalenda kujua kwamba leo ni Ijumaa. Alipita tu stendi akawatazama wauza magazeti. Siku nyingine walikuwa wakipiga kelele. Ijumaa walikaa kwenye ukingo wa mtaro wakisoma bidhaa yao wenyewe na kucheka, na mteja akifika aliambiwa asubiri kidogo.

Gazeti lenyewe liliitwa Kengele. Lilikuwa na kurasa nane, na tusidanganyane, saba kati ya hizo zilikuwa za kufungia vitumbua. Watu walinunua ukurasa wa nane, ambako chini ya tanzia na matangazo ya mashine za kukoboa aliishi Mzee Koti.

Mzee Koti alikuwa mpagazi mstaafu wa mlimani, mwenye koti refu la sufu lililofagia vumbi, mguu wa kushoto uliochechemea, na kipaji cha kujitafutia matatizo. Alikwenda Taveta, ng'ambo ya mpaka, amejificha ndani ya gunia la kahawa, akapimwa humohumo, akapewa daraja la pili, akatoa kichwa nje kukata rufaa. Alibeba barafu ya Kibo kwenda kuwauzia wakulima wa mpunga wa Chekereni, akafika na gunia lililolowa na maelezo kwamba mzigo umetangulia. Aligombana na kiboko wa bwawa la Nyumba ya Mungu juu ya nani mwenye njia. Kila juma zilikuwa fremu nne, na kila juma fremu ya nne ilikuwa ileile: Mzee Koti kabanwa, hana pa kutokea, anaingiza mkono mfukoni na kutoa jani la isale. Na kiboko, au askari, au mama mkwe, anashusha mikono, maana hana budi.

Kama wewe si mtu wa mlimani, huenda hucheki bado. Isale ni mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani mwa vihamba, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba, na juu ya makaburi. Hauliwi, haunukii, hata mbuzi hana habari nao. Lakini ukimkosea mtu kosa zito, unachuma jani lake, unalipiga fundo, unamwomba mzee akutangulie, unalipeleka kwa uliyemkosea. Naye akishaliona hawezi kukukatalia. Watu waliotaka kuuana wamekunywa pombe ya mbege katika kata moja kwa ajili ya jani hilo. Mchaga ana mambo mengi ya kutania, mkewe, mali yake, hata padri wake, lakini hilo hakuwahi kulitania mpaka Melkior alipolitia mfukoni mwa kikatuni. Ndiyo maana watu walicheka vile. Walicheka kama watoto waliogundua kwamba mwalimu naye anapiga chafya. Baada ya mwaka mmoja wanafunzi waliochelewa shule walikuwa wanawapelekea walimu isale, na walimu nao, badala ya kukasirika, walikuwa wanauliza Mzee Koti wiki hii yuko wapi.

Melkior alikuwa na miaka thelathini na miwili, na alichorea katika chumba cha nyuma cha mtambo wa kuchapa wa Bhavesh, mwenye gazeti, ambaye babu yake alianza kwa kuchapa kadi za harusi katika jengo hilohilo. Watu walimsimamisha njiani kumuuliza vichekesho anavitoa wapi. Alikuwa akijibu kwamba anaota. Huo ulikuwa uongo, tena uongo mkavu.

Mzee Koti hakutoka ndotoni. Alikuwa Theodory wa Kirua Vunjo, baba wa ubatizo wa Melkior, jirani yao kabla wazazi wa Melkior hawajashuka Chekereni kulima mpunga. Koti lilikuwa la Theodory, alilopewa na Mjerumani mmoja baada ya kumbebea mizigo hadi Kibo. Mguu ulikuwa wa Theodory, aliyeacha vidole viwili kwenye baridi ya huko. Hata lile neno la Mzee Koti, "Mimi sijapotea, njia ndiyo imepotea," lilikuwa lake. Mwanzoni mzee mwenyewe alifurahi kupita kiasi. Alikata kila kibonzo akakibandika ukutani kwa uji mzito, na kilabuni alijitambulisha kwa wageni kwa kuinua ukosi wa koti. Kwa hiyo koti halikuwa kosa, na mguu haukuwa kosa. Kosa lilikuja Alhamisi moja ya mwezi wa tano.

Alhamisi hiyo kichwa cha Melkior kilikuwa kitupu. Saa nne hakuna kitu, saa sita hakuna kitu, na mtambo ulikuwa umeshapakwa wino. Bhavesh alikuja akasimama mlangoni, akatazama karatasi nyeupe, akatazama saa.

"Melkior, ndugu yangu, nina nusu saa. Nikichapa nafasi tupu, kesho watu watanichoma moto. Chora chochote."

Na Melkior akachora chochote. Njaa ikizidi mtu hula mbegu, na yeye alikula mbegu aliyokuwa ameitunza miaka ishirini na miwili.

Alikuwa na miaka kumi siku aliyokwenda na Theodory kukata majani ya ng'ombe pembezoni mwa msitu. Ukungu ukashuka ghafla, wakawa hawaoni hata mikono yao, naye akaanza kulia. Theodory alikaa chini, akamweka kwenye mapaja, akamsimulia. Alimsimulia jinsi yeye na mdogo wake Sirili, wote wapagazi, walivyopotezana kwenye ukungu kama huo, mchana kweupe, kule juu ambako miti ya kawaida imekwisha na kuna ile mimea minene yenye kimo cha mtu na kichwa cha majani. Alimwona Sirili amesimama. Akamwambia, umechoka, chukua mkate, kula. Sirili kimya. Akamfokea, hata asante husemi, adabu gani hiyo. Akamwekea mkate begani na kukaa karibu naye, moyo umetulia, akipiga soga. Ukungu ulipoinuka akakuta amekaa na mmea. Hapo Melkior mtoto alicheka, machozi yakakauka. Ndipo Theodory akamalizia, kwa sauti ileile, kwamba walimtafuta Sirili siku nne na hawakumpata, na kwamba alirudi nyumbani kwa mama yao peke yake. "Nimekuambia wewe," alisema, "kwa sababu na wewe leo umeogopa ukungu."

Ilimchukua Melkior dakika ishirini na tano. Fremu ya kwanza, ukungu. Ya pili, mkate. Ya tatu, ukungu umeinuka na mmea una mkate begani. Ya nne, Mzee Koti kapiga magoti, anaupelekea mmea jani la isale kuomba radhi kwa kuufokea. Sirili hakumtia, kwa sababu fremu ni nne na kibonzo ni cha kuchekesha. Bhavesh alikiona akacheka mpaka akashika mlango. Melkior naye alicheka, nusu, na ile nusu nyingine ikabaki imekaa kifuani kama tonge lisiloshuka. Angeweza kusema kisimame. Mtambo ulikuwa hatua kumi kutoka mezani pake. Hakusema.

Kengele haikuwahi kuuza kama Ijumaa ile.

Wiki sita baadaye, katika baridi ya mwezi wa saba, mwanamke aliyejifunika khanga mbili aliingia chumba cha nyuma bila kubisha. Alikuwa Dominika, mke wa Theodory. Melkior alisimama haraka hata kikombe cha wino kikayumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sikai, usinipe kiti." Alitazama vibonzo vilivyotundikwa ukutani, kimoja baada ya kingine, bila kutabasamu. "Baba yako amelivua koti."

"Amelivua?"

"Amelitundika bandani kwa ng'ombe, baridi hii. Kanisani haendi. Kilabuni haendi. Watoto wa shule wakipita njia ya kwetu wanasimama mbele ya migomba, wanaiambia, umechoka, chukua, kula. Halafu wanakimbia. Yeye yuko dirishani, hasemi kitu. Angetukana, mimi nisingekuja mjini."

"Anaumwa, mama?"

"Anakohoa, lakini si kikohozi kilichonileta." Ndipo akamtazama usoni. "Nimeolewa naye miaka thelathini na moja, Melkior. Sirili kupotea nilijua, kila mtu Kirua anajua. Habari ya mkate sikuijua. Hakuwahi kuniambia. Nimeisoma gazetini, nimesimama dukani, na muuza duka ananicheka."

Melkior alitamani mwanamke yule apige kelele, avunje kitu. Dominika alijifunga khanga yake vizuri, akasema anawahi gari la Kirua, akaondoka. Juma lile Mzee Koti alitoka na kisa cha zamani kilichochapwa upya, na Bhavesh akaambiwa mchoraji ana malaria.

Jumamosi Melkior alipanda Kirua. Alikuwa amenunua kilo mbili za sukari na blanketi, kisha njiani akaona aibu ya kwenda kuomba radhi na vitu vya dukani, kama anayekwenda kumtembelea mgonjwa. Kilichotakiwa alikijua. Lakini Chekereni kwa wazazi wake isale haikubali joto, na mjini nani anapanda isale. Kwa hiyo alianzia kwa Primus, mzee wa ukoo wa kina Theodory, amwombe mambo mawili: jani, na amtangulie.

Primus alikuwa anapogolea kahawa. Aliitikia shikamoo, akasikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi, kisha akacheka kidogo bila furaha.

"Juzi mjukuu wangu amevunja chungu cha bibi yake," alisema. "Amekuja na isale mkononi, anachechemea kwa makusudi. Bibi yake amecheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na umri wa kijana huyo nilipomwona baba yangu akibeba jani kwa watu ambao ng'ombe wetu alimuua mtoto wao. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Sasa wewe unataka mimi nitembee mbele yako na jani, watu watuone njiani? Watauliza kama gazeti la wiki hii limewahi kutoka."

"Meku, mzee wangu, nimekosa. Nakubali nimekosa."

"Najua umekosa. Ndiyo maana unahitaji jani. Na umelimaliza wewe mwenyewe." Akarudi kwenye kahawa yake. "Nenda peke yako. Sikufukuzi, ila sitakutangulia."

Melkior aliteremka njia ya mfereji, masikio yanamwaka. Njia nzima ilikuwa imepandwa isale, kijani kushoto na kulia, na kila jani lilikuwa kama linamcheka. Karibu na kihamba cha Theodory, pale mfereji unapopinda, palikuwa na shina moja limesimama peke yake kati ya migomba, limenawiri kuliko mengine. Alidhani ni la mpakani. Alitazama nyuma kama mwizi, akachuma jani, akalipiga fundo kama alivyolichora mara mia na kitu. Aligundua kwamba kulichora anajua na kulifunga hajui. Fundo lililegea mara mbili.

Theodory alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, amejifunika shuka la kitandani. Bila koti alikuwa mdogo, mabega yamechongoka. Ukutani nyuma yake palikuwa na madoa ya uji mkavu, ya vibonzo vilivyobanduliwa.

"Shikamoo, baba."

Mzee alimtazama. Hakuitikia. Melkior alikuwa amepokea marahaba ya mtu yule tangu alipojifunza kusema, na hakujua kwamba kimya chake kinaweza kuwa kirefu hivyo. Alipiga magoti kwenye mavumbi, na mara akaona kwamba hata kupiga magoti alikuchora, fremu ya nne, mgongo umepinda hivihivi. Akanyoosha mikono miwili na jani.

Theodory akaanza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, Dominika akachungulia mlangoni, akarudi ndani.

"Sasa mimi nashusha mikono," mzee alisema alipopata pumzi. "Si ndivyo? Mimi ni kiboko."

"Baba, safari hii ni kweli."

"Na mila inanifunga mimi, haikufungi wewe. Wewe ulishaikata kamba." Aliacha kucheka. Alikuwa anatazama jani lenyewe sasa, ule upana wake, ile rangi. "Umelichuma wapi hili?"

"Hapo chini. Mfereji unapopinda."

Kuku alipita kati yao. Theodory aliushusha mkono wake kwenye goti, polepole.

"Lile shina nililipanda mimi," alisema. "Mwaka Sirili alipopotea. Mama yetu alitaka mahali pa kukaa alie, na hatukuwa na mwili wa kuzika. Tukachimba, tukaweka shuka lake, tukapanda isale juu. Hilo ndilo kaburi la Sirili, Melkior. Umemchumia Sirili jani lake ukaniletea mimi."

Melkior alitamani ardhi ipasuke. Alitaka kulirudisha, kulificha, kulila hata. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na sasa hivi, saa ambayo haikumsaidia, alijua maana ya ile mikono ya baba yake Primus.

Lakini mzee alinyoosha mkono akalichukua. Alilifungua lile fundo bovu, akalifunga upya, vizuri, akalitia kifuani ndani ya shuka.

"Hili nalipokea," alisema. "Miaka ishirini na nane namngoja Sirili aniletee neno, hajaleta. Kama amelileta leo kwa mkono wa mjinga, ameleta. Siwezi kumkatalia. Ila hili ni lake. La kwako bado hujaleta."

"Nilete nini, baba? Nichume lingine wapi?"

"Majani umeyamaliza. Mimi kisa nilikupa kizima. Ulibeba nusu inayochekesha, ukamwacha mdogo wangu njiani. Nenda kamlete."

Alisema hivyo, akafumba macho kama anayeota jua, ingawa jua halikuwapo. Melkior aliacha sukari na blanketi kwa Dominika, akashuka kwa miguu mpaka Kiboroloni, hakumbuki alipitia wapi.

Alichora siku tatu. Fremu ya kwanza ukungu, na safari hii watu wawili. Ya pili mtu mmoja, anaupa mmea mkate. Ya tatu ukungu umeinuka, mmea, mkate begani. Fremu ya nne ndiyo iliyomla siku mbili. Mzee Koti amesimama mlangoni kwa mama yake. Mifuko ya koti imegeuzwa nje, yote miwili, haina kitu. Na mama, mkono juu ya macho, hamtazami yeye. Anatazama njia nyuma yake, kama kuna mwingine anayekuja. Fremu zote hazikuwa na maneno, ila chini kabisa, kwa herufi ndogo, jina: Sirili wa Kirua Vunjo.

Bhavesh aliishika karatasi muda mrefu. "Kichekesho kiko wapi?"

"Hakuna."

"Na jani?"

"Limekwisha."

"Watarudisha magazeti, Melkior. Watasema tumewaibia." Aliitazama tena, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kaka yake mkubwa alikuwa ameondoka kwenda Uingereza miaka ya sabini na mama yao alifia chumba cha juu cha jengo hilo akiwa bado anauliza kama posta imefika. Hakulisema hilo, wala Melkior hakuhitaji kuambiwa. "Haya. Wacha warudishe."

Baadhi walirudisha kweli. Wengine waliandika barua kuuliza kama mtambo umeharibika. Pale stendi Ijumaa hiyo wauza magazeti walipiga kelele kama siku nyingine yoyote. Mmoja alimwambia Melkior usoni kwamba amezeeka ghafla.

Jumapili alipanda Kirua kwa misa ya kwanza. Hakujua kama amerekebisha au ameongeza. Kumtangaza Sirili wa watu gazetini mara ya pili, huenda ndiyo ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. Alisimama nyuma ya kanisa, hakusikia mahubiri. Watu walipotoka aliona pembeni ya ukuta, mahali wanaume wazima husimama kupeana habari, koti refu la sufu, lenye unyasi wa bandani bado mgongoni. Watoto wa shule walikuwa wanalizunguka kwa mbali, kimya, kama watoto walioambiwa jambo nyumbani. Primus alikuwa amesimama karibu yake. Alimwona Melkior, akasogea hatua mbili kupisha.

"Shikamoo, baba."

Theodory alichukua muda wake. Alikohoa, akajifuta.

"Marahaba."

Melkior aliogopa kuinua macho, machozi yasionekane na watu wa kanisa zima. Mzee akamshika kiwiko, akamsogeza kando ya ukuta, mbali na wengine, na akashusha sauti.

"Mama umempatia," alisema. "Alisimama vilevile. Lakini kuna kitu hukupatia, na si kosa lako, nilikudanganya mimi. Haukuwa mkate."

"Haukuwa mkate?"

"Ilikuwa ndizi ya kuchoma. Tena haikuwa yangu. Ilikuwa yake, alinipa nimshikie asubuhi, mzigo wake ulikuwa mzito. Ukungu uliposhuka nilikaa chini nikala nusu. Nilikaa, nikala, nikalamba vidole, ndipo nikainuka kumtafuta." Alikuwa anatazama juu, kule ambako mlima ungeonekana kama mawingu yangekubali. "Ile niliyoupa mmea ilikuwa nusu iliyobaki. Dominika hajui. Padri hajui. Sasa unajua wewe."

Mkono wake ulikuwa bado kwenye kiwiko cha Melkior, na ulikuwa umebana.

"Hiyo usiichore," alisema.

"Sitaichora, baba."

Na mtu yule, ambaye maishani mwake hakuwahi kuacha kisa kizuri kimpite, mpaka leo hajaichora.